Mpaka Umwone Mtu

Jumatatu, 10 Machi. Kabuku.

Leo nimesimama mbele ya Darasa la Pili na sauti haikutoka. Nilikuwa nimeandaa kila kitu: andalio la somo, kadi za herufi nilizochora mwenyewe, hata chaki nilizikata nusu ili zisipige kelele ubaoni. Watoto wakasimama, wakaimba, "Shikamooo madaaamu!" Nikafungua mdomo. Nilichosikia mimi ni "marahaba". Walichosikia wao ni hewa, maana waliendelea kusimama wakitazamana, mpaka Mwalimu Laurenti, mwalimu mkuu, aliposema kutoka nyuma, "Kaeni, mwalimu wenu ameshaitikia."

Darasa zima likacheka. Na yeye alitabasamu kidogo. Si mtu mbaya.

Nina miaka kumi na minane. Nipo mwaka wa kwanza wa chuo cha ualimu Korogwe, na nimetumwa hapa kwa mazoezi ya kufundisha mpaka mwanzoni mwa Mei. Mwishoni atakuja mkufunzi kukaa nyuma ya darasa na kunipima. Nikishindwa narudia mwaka, au naacha kabisa. Naandika haya ili nijue naogopa nini hasa. Nikilala naogopa vitu vyote kwa pamoja, sivioni kimoja kimoja.

Jumatano, 12 Machi

Ninaishi kwa mama mdogo Loveness. Ana mgahawa kando ya barabara kuu, wateja wake ni madereva wa malori. Mwezi huu wa Ramadhani mchana hakuna kitu, anapika jioni tu.

Mwanawe Habakuki ananiita "mwalimu mwenzangu". Alimaliza ualimu kabla mimi sijaingia kidato cha kwanza. Cheti chake kiko kwenye fremu juu ya televisheni. Yeye mwenyewe yuko kijiweni karibu na daraja, anaendesha bodaboda, anasubiri ajira.

"Unafundisha nini, mwalimu mwenzangu?" kaniuliza leo tukila.

"Kusoma."

"Kusoma wanafundishwa na simu siku hizi. Jana nimebeba mama na mtoto, mtoto kakaa katikati, simu inamwambia ba, be, bi, na yeye anaijibu njia nzima mpaka Segera. Haikasiriki, haidai mshahara, haisubiri ajira."

"Mwache mwenzio ale," mama mdogo akasema.

"Namwambia ukweli, mama. Mimi hakuna aliyeniambia."

Sikuweza kumaliza ugali.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeiuliza akili mnemba kwenye simu kama kazi ya ualimu wa shule ya msingi itakuwepo nitakapofika miaka thelathini. Ikajibu kwa upole sana kwamba walimu wataendelea kuhitajika. Nikauliza tena kwa maneno mengine. Ikajibu tena kwa upole uleule. Kilichonitisha ni kwamba Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu, na haikusita hata mahali pamoja.

Jumatatu, 17 Machi

Zamu yangu ya kwanza. Mwalimu Laurenti kanipeleka uani kunionyesha rimu.

Ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwarobaini, na chini yake kuna kipande cha nondo. Ndiyo kengele ya kuingia na kutoka. Lakini ina kazi nyingine. Shule iko upande wa barabara. Nyuma yake kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna maboma ya wafugaji. Watoto wa huko huvuka asubuhi kwa miguu, pakavu kabisa. Mvua ikinyesha juu huko, maji huja ghafla hata kama hapa hakujadondoka tone. Kwa hiyo mwalimu wa zamu akiona wingu limekaa vibaya, anapiga rimu mfululizo, bila kupumzika. Watu wa ng'ambo wakisikia hivyo wanaacha walichoshika na kuja kuwapokea watoto.

"Unapiga mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka umwone mtu. Umwone kwa macho yako, amesimama ng'ambo. Usipige kidogo ukarudi ofisini kunywa chai."

Akanipa nondo nijaribu. Nikapiga kwa woga, kidogokidogo. Watoto wa darasa la sita walikuwa wanafagia uwanja, wakasimama na mafagio yao.

"Madamu anabisha hodi!" mmoja akasema, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Nikairudisha nondo chini. Mikono ilikuwa na kutu na jasho.

Alhamisi, 20 Machi

Kuna mtoto anaitwa Nasieku. Anatoka ng'ambo, anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Tangu Januari hajawahi kumjibu mwalimu yeyote. Nyumbani wanaongea Kimaasai, hapa anatazama nje tu. Mwalimu wa darasa kaniambia nisimsumbue.

Jana nilijirekodi nikisoma hadithi ya sungura na kobe, na leo nikaicheza darasani kwa spika ndogo ya Habakuki. Kwenye rekodi sauti yangu iko sawa. Naweza kusoma vizuri sana nikiwa peke yangu. Watoto walitulia. Mwishoni rekodi inauliza, "Nani alifika kwanza?" Na Nasieku, huku anaitazama spika, akasema, "Kobe."

Wenzake waligeuka wote. Nilipomsogelea na kumuuliza mwenyewe, "Nani alifika kwanza, Nasieku?" akainamisha kichwa.

Nimefurahi, na baada ya furaha nimeogopa. Anaijibu spika. Mimi hanijibu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeanzisha kundi la WhatsApp la wazazi. Ni wazo langu, la kwanza kukubaliwa tangu nifike. Namba nilizipata kwa mwalimu wa darasa, pande zote mbili za korongo. Nikiwa na jambo naandika, halafu hakuna anayeniangalia. Mwalimu Laurenti kalitazama kwenye kishikwambi chake, akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Zuri. Ila rimu usiiache."

"Ndiyo, mwalimu."

Jumatano, 26 Machi

Manyunyu. Nimewaandikia kundini, wazazi kumi wameweka alama ya dole gumba.

Jumatano, 2 Aprili. Kwamndolwa.

Likizo fupi. Nipo nyumbani. Baba yuko shambani kutwa, anapalilia mahindi. Anawaambia majirani, "Mwalimu amekuja."

Mital alinifuata asubuhi. Tumesoma pamoja tangu kidato cha kwanza. Baba yake, Mzee Natwarlal, ana duka la vitambaa mjini Korogwe. Mital anasoma mambo ya kompyuta, na kaka yake Sachin yuko Dar es Salaam, anatengeneza programu ya simu ya kufundisha watoto kusoma Kiswahili. Wanatafuta sauti.

"Nilimwambia kuna mtu anasoma kama redio, ila ukimtazama anakufa," Mital akasema. "Ndiyo wewe."

Tulirekodi stoo ya duka, katikati ya majora ya vitenge na mashuka yaliyofika darini. Mital alisema vitambaa vinameza mwangwi. Akafunga mlango, akanigeuzia mgongo ili nisione uso wake. Nikasoma herufi, silabi, hadithi fupi mbili. Sikukosea. Nilisahau kabisa kuwa kuna mtu, mpaka Mzee Natwarlal alipogonga akitafuta jora la satini.

"Mnafanya nini humo gizani?"

"Tunafundisha Tanzania nzima, Papa!" Mital akamjibu.

Jioni tulimtumia Sachin rekodi, na usiku akatuma ujumbe wa sauti: "Dorkasi, nimesikiliza. Sauti yako haina wasiwasi hata kidogo. Ukikubali, njoo Dar mwezi wa tano, kuna kazi ya mwaka mzima. Nijibu kabla Aprili haijaisha. Na nikuambie ukweli, kwa hizo rekodi ulizotuma tu mashine inaweza kutengeneza nyingine bila wewe, lakini sisi hatufanyi hivyo bila ridhaa."

Mital aliruka kwa furaha. Mimi niliirudia ile sehemu ya mwisho. *Bila wewe.* Nimelala nikiwaza sauti yangu ikisema maneno ambayo sijawahi kuyasema.

Lakini pia niliwaza chumba chenye vitambaa, hakuna macho, kazi ya mwaka mzima. Kwa nini nirudi kusimama mbele ya watu?

Jumatano, 9 Aprili. Kabuku.

Nimerudi. Mvua jana, mvua leo. Barabara ya kwenda shule imekuwa utelezi.

Ijumaa, 11 Aprili

Korongo lina maji ya vifundoni. Watoto wa ng'ambo wanakuja na ndala mkononi. Nasieku anabebwa mgongoni na kaka yake wa darasa la tano. Nimecheza rekodi nyingine darasani, wakaiamkia spika, "Shikamoo madamu!" Nilicheka nao. Kisha niliona kwamba hakuna aliyekuwa ananitazama mimi.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeanza kumwandikia Sachin "nakubali". Nimefuta. Nitaandika kesho.

Jumanne, 15 Aprili

Sina uhakika nitaweza kuandika haya kwa mpangilio. Nitajaribu.

Leo nilikuwa wa zamu. Mwalimu Laurenti alienda Handeni kwenye kikao cha walimu wakuu. Asubuhi palikuwa na jua kali. Baada ya uji wa saa nne nikaona wingu upande wa juu wa korongo, jeusi chini na jeupe juu, halisogei. Saa ya kutoka ilipokaribia lilikuwa limeongezeka upana. Nilijua ndilo lenyewe. Nataka niandike hivyo waziwazi: nilijua.

Nikaenda kwenye mwarobaini. Nikaokota nondo. Darasa la sita walikuwa wameketi barazani wakisubiri kutoka, na yule kijana wa "hodi" akawagusa wenzake viwiko. Walisubiri tu, midomo imeshajiandaa. Nikawaza nitapiga mpaka lini, nusu saa labda, mbele yao, na kwa mkono wangu huu wa kubisha hodi.

Nikaweka nondo chini, nikatoa simu.

Niliandika: "Wazazi wapendwa, kuna dalili ya mvua kubwa. Watoto wanaachiwa sasa. Wazazi wa ng'ambo tafadhali njooni korongoni muwapokee." Tiki mbili zikatokea papo hapo. Mzazi wa kwanza akajibu, "Sawa mwalimu." Mwingine, "Asante madamu, Mungu akubariki." Mikono ya kuomba, maua. Nilisikia mwili wote umelegea kwa raha. Nikagonga rimu ile ya kawaida ya kutoka, nikawaachia, nikarudi darasani kukusanya madaftari.

Kisha nikausikia mlio. Ulikuwa kama lori linalomwaga kokoto, ila haukuisha. Nikakimbia.

Watoto wa ng'ambo walikuwa wamesimama ukingoni, wamejikunyata. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Hata mmoja. Kaka yake Nasieku alikuwa katikati ya korongo na Nasieku mgongoni. Alikuwa ameona maji bado ni madogo na hakuna anayekuja, akaamua kuvuka mapema kama kila siku. Maji yalikuja yakiwa na matawi na povu la rangi ya udongo. Yule mvulana alishika mzizi. Mgongo wake ulikuwa mtupu.

Nilipiga kelele. Najua nilipiga, koo linauma mpaka sasa. Maji yalikuwa na sauti kuliko mimi.

Simu ilikuwa bado mkononi. Nikampigia Habakuki, maana korongo hilo linapita chini ya daraja la barabara kuu, karibu na kijiwe chao. Nilisema, "Mtoto. Maji. Daraja." Nikasikia simu yake ikianguka chini.

Wakubwa wa darasa la sita walishikana mikono wakamvuta yule mvulana. Yule aliyesema nabisha hodi ndiye alikuwa wa mbele, maji yamemfika kifuani. Mimi niliwarudisha wadogo uwanjani, kisha nikaokota nondo nikapiga rimu. Nilipiga kwa mikono miwili. Sijui kwa muda gani. Watu wa ng'ambo wakaanza kutokea, mmoja mmoja, wanakimbia, shuka zimeloa. Baba Nasieku alikuwa wa pili. Alisimama ukingoni akihesabu vichwa vya watoto upande wetu, kwa kidole, na kila alipofika mwisho alianza upya.

Nilimwona mtu, kwa hiyo nikaacha kupiga.

Habakuki na fundi pancha wa kijiweni kwao walimdaka Nasieku kwenye nguzo ya daraja, amenasa kwenye matawi. Yuko hai. Mkono umevunjika na amekunywa maji mengi. Habakuki kampeleka zahanati kwa pikipiki, fundi pancha kamshikilia nyuma. Kutoka hapo wamemchukua kwa gari kwenda hospitali, Korogwe.

Sachin kauliza kama nimefikia uamuzi.

Jumatano, 16 Aprili

Sikwenda shule. Mama mdogo kaniletea chai mlangoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeelewa kwa nini hawakuja.

Nilikwenda dukani kwa mama Rubab, mwenye duka karibu na stendi, kununua sabuni. Nyuma ya kaunta ana rafu ya kuchajia simu. Maboma hayana umeme, na mvua hizi paneli zao za sola hazichaji, hivyo wafugaji wanaacha simu kwake asubuhi na kuzichukua jioni. Zilikuwa zimepangwa kama mikate, kila moja imebandikwa plasta yenye jina. Nikayasoma majina. La Baba Nasieku lilikuwepo.

"Juzi mchana zililia zote pamoja, mwalimu," mama Rubab akasema. "Ting, ting, ting, rafu nzima. Nikadhani ni matangazo ya hawa watu wa mtandao."

Tiki mbili. Ujumbe wangu ulifika. Ulifika hapa, kwenye rafu, ukawaka ukazimika. Waliojibu "sawa mwalimu" wote ni wa upande wa barabara, ambao watoto wao hawavuki kitu.

Nilisahau sabuni. Mama Rubab alimtuma mtu kunikimbilia nayo.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Kanisani niliketi nyuma, karibu na mlango. Habakuki alikuja akakaa pembeni yangu. Tangu siku ile hajaniita mwalimu mwenzangu. Baada ya ibada nikamuuliza kama anadhani niache.

"Mimi nikikushauri kuhusu ualimu, watu watacheka," akasema. Halafu: "Alikuwa mwepesi sana, Dorkasi. Kama furushi la nguo."

Jumanne, 22 Aprili

Mkutano wa kijiji, uwanjani pa shule. Pande zote mbili. Nilikaa kwenye benchi la walimu na mikono chini ya mapaja.

Mwalimu Laurenti alisimama kwanza. "Rimu haikupigwa kwa wakati," akasema. "Shule ni yangu. Lawama ni yangu."

"Tunamtaka mwalimu wa simu!" mtu akapaza sauti kutoka kwenye pikipiki. Kicheko kidogo, kibaya. Mama mmoja wa upande wa barabara akasema ujumbe aliupata, mwalimu hana kosa, zama zimebadilika. Mama wa ng'ambo akamwambia, "Zama zako." Wakaanza kurushiana maneno kuhusu nani ana umeme na nani hana, na nani aliahidiwa daraja la miguu mwaka gani.

Baba Nasieku alisubiri. Ni mtu mrefu, si mzee. Alipoinua fimbo yake wakanyamaza.

"Mtoto wangu ameniambia madamu ana hadithi nzuri," akasema. "Mkono wake utapona. Mimi nina swali moja. Wingu likija tena, nani atapiga?"

Walimu walitazama chini. Kila mtu anajua zamu zinavyokwenda: leo huyu, kesho yule, mwingine ana kikao, mwingine anaumwa. Nikatoa mikono chini ya mapaja.

"Mimi," nikasema.

"Hatujasikia!" Yule yule wa kwenye pikipiki.

Nikasimama. "Mimi nitapiga. Nikiwa wa zamu na nisipokuwa wa zamu. Mpaka niondoke."

"Na ukiondoka?" Baba Nasieku akauliza.

Yule kijana wa darasa la sita, aliyekuwa mbele ndani ya maji, alikuwa ameketi chini karibu na mwarobaini. Hakucheka. Alikuwa anaitazama nondo.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimepiga leo. Maji yalikuja madogo. Kiganja kimetoka malengelenge.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimepiga.

Jumatatu, 28 Aprili

Nasieku amerudi, mkono umetundikwa shingoni kwa kanga ya mama yake. Hakuniangalia. Sikucheza rekodi. Nilisoma hadithi mwenyewe, kwa sauti yangu hii, na nilikwama kwenye "kinyonga" mpaka mtoto wa mbele akanisaidia.

Jioni nilimjibu Sachin kwamba sitakwenda. Aliuliza kama tatizo ni malipo. Nikaandika si malipo. Aliuliza ni nini sasa. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwishowe nikatuma: "Nimeahidi watu kitu." Nikaongeza kwamba zile rekodi nilizotuma asizitumie.

Kajibu, "Sawa, tutazifuta." Sina njia ya kujua kama zimefutwa.

Mital kapiga simu. "Una wazimu. Miaka mitano ijayo hiyo shule yako itakuwa na skrini ukutani na wewe utakuwa unauza maandazi kwa mama mdogo wako."

"Inawezekana," nikamwambia.

"Usiniambie inawezekana! Bishana na mimi!"

Sikuweza kubishana. Pengine yuko sahihi. Kila usiku nawaza kwamba Habakuki alikuwa na miaka yangu alipoanza kukitafuta kile cheti.

Jumatano, 30 Aprili

Mkufunzi wangu, Madamu Grasiana, alifika bila taarifa, kama wanavyofanya. Alivaa miwani ya kusomea, akakaa dawati la nyuma, jirani na Nasieku. Magoti yake yalikuwa hayaenei.

Nilianza. Sauti ilitetemeka ila ilitoka. Tulikuwa kwenye silabi zenye "mw": mwezi, mwiba, mwalimu. Watoto waliinua mikono. Nilimwona Madamu Grasiana akiandika, anatikisa kichwa kama mtu anayekubali, na kwa mara ya kwanza tangu Machi nikawaza, labda.

Nasieku akainua mkono. Ule mzima.

Nilisimama pale na chaki.

"Ndiyo, Nasieku."

"Madamu," akasema, na alikuwa ananitazama mimi, "wingu."

Nikatazama dirishani. Jeusi chini, jeupe juu.

Somo lilikuwa halijafika nusu. Sehemu ya tathmini ndiyo yenye alama nyingi. Nilijua pia kwamba siyo zamu yangu, na kwamba mwenye zamu yuko darasa la nne anafundisha. Nikaweka chaki.

"Madamu Grasiana, naomba ruhusa nitoke."

"Utoke? Uko kwenye upimaji."

"Nakwenda kupiga rimu."

"Mwanafunzi atumwe."

"Nimeahidi mimi, Madamu."

Sikusubiri jibu, nadhani ningelisubiri nisingeenda. Nilitoka, nikaokota nondo, nikapiga. Madarasa yote yakatoka nje kutazama. Malengelenge yalipasuka mapema. Baada ya kitambo Madamu Grasiana akaja kusimama karibu, daftari lake kifuani.

"Unapiga mpaka lini?"

"Mpaka nimwone mtu."

"Huyo mtu yuko wapi?"

"Sijui, Madamu."

Mkono ulipochoka yule kijana wa darasa la sita akaja, akanyoosha kiganja. Nikampa nondo, akapiga. Nikapumzika nikatazama ng'ambo. Nikaichukua tena.

Walikuja. Baba Nasieku mbele, kina mama wawili watatu nyuma, kijana mmoja na kamba. Walisimama ukingoni. Sisi tukasimama huku. Tukatazama korongo wote kwa pamoja, na lile wingu likaanza kusogea upande wa Korogwe, likafumuka, na jua likatoka. Halikuja tone.

"Hakuna maji, mwalimu!" Baba Nasieku akaita.

"Naona!" nikaita. Alinisikia. Akainua fimbo, wakageuka wakarudi kwenye kazi zao.

Madamu Grasiana alivua miwani. "Mvua haikunyesha."

"Ndiyo, Madamu."

"Na somo halikukamilika."

"Ndiyo, Madamu."

Akaandika kitu, akafunga daftari. "Ijumaa nitarudi. Nitakupima upya, somo zima. Mara moja tu, sitaweza kurudi tena." Alipofika kwenye gari akageuka kuitazama rimu, kisha mimi. Sikuweza kusoma uso wake.

Ijumaa, 2 Mei

Naandika haya ofisini, asubuhi, kabla ya vipindi. Nimeandaa somo lilelile. Nimelikariri. Naogopa kwamba sauti itakatika, naogopa kwamba haitakatika na nitafaulu, halafu nitasubiri ajira kwenye pikipiki. Naogopa ile sauti yangu iliyoko Dar, isiyo na wasiwasi.

Gari la Madamu Grasiana limeingia getini. Upande wa juu wa korongo, tangu alfajiri, kuna wingu.

Nondo nimeiegemeza kwenye mlango wa Darasa la Pili, upande wa ndani.